Laini Ni Ngapi Pale Kisumu? Historia ya Kuunganishwa, Kutoka Port Florence Hadi Seva Yangu

Jumamosi moja, saa tano asubuhi, watu walikuwa wamepanga foleni nje ya ukumbi hapa Kisumu wakingoja kununua tiketi za shoo kwa simu. Mfumo wa tiketi nilikuwa nimeuandika mimi. Ukasimama. Haukuzima, ulisimama tu, na kila msee aliyebonyeza "Lipa" aliona kaduara kanazunguka mpaka akachoka. Kwenye kompyuta yangu kulikuwa na ujumbe mmoja unajirudia: databesi imekataa, miunganisho imejaa.

Kwa wale hawaandiki programu, acha nieleze haraka. Programu ikitaka kuongea na databesi, lazima kwanza ifungue muunganisho, yaani njia ya mazungumzo. Databesi niliyotumia, PostgreSQL, ukiiacha ilivyotoka kiwandani hukubali miunganisho 100, na 3 kati ya hiyo imewekewa msimamizi. Kwa hivyo zinabaki 97. Programu yangu ilikuwa inafungua mmoja kwa kila mteja, inaushika huku mteja akitafuta PIN yake, na (hapa ndipo aibu ilipo) mteja akikosea PIN au akighairi, programu ilisahau kuufunga. Kufika saa tano, watu 97 walikuwa wamekosea PIN. Hebu fikiria. Mji mzima unangojea watu 97 ambao walishaenda nyumbani.

Nilizima, nikawasha, ikafanya kazi saa moja, ikajaa tena. Usiku huo nikamweleza mzee mmoja jirani yetu ambaye zamani alifanya kazi ya kuunganisha simu kwa mkono. Hajui PostgreSQL ni nini. Alicheka kwanza, halafu akauliza swali moja: "Nyathina, kwani laini zilikuwa ngapi, na kila mtu alikuwa anaishika dakika ngapi?"

Manze, hilo swali ndilo sababu ya hii posti. Kwa sababu kumbe hii shida tunayoifikiria ni ya vijana wa laptop ina zaidi ya miaka 100, na sehemu kubwa yake inaweza kusimuliwa ukiwa umesimama hapa ufukweni.

Anza na reli. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Njia nzima ni zaidi ya kilomita 900. Lakini watu wengi husahau kwamba reli haikufika Uganda tunayoijua leo, ingawa jina lake lilisema Uganda. Ilifika majini. Kutoka hapo ulihitaji meli. Na meli ya kwanza kubwa ya mvuke iliyounganishwa Kisumu, William Mackinnon, ilitengenezwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa bahari hadi Mombasa, halafu vipande vikabebwa bara na kuunganishwa upya. Iliingia majini mwaka 1900, kabla hata reli haijafika. Ilichukua miaka kutoka Scotland hadi ziwa hili.

Sasa jiulize: baada ya kazi yote hiyo, shehena ya kwanza ikishafika ng'ambo, unaivunja meli? Unaivunja halafu shehena ya pili ikija unaagiza nyingine Scotland? Hakuna mtu anaweza kufanya hivyo. Unaiweka gatini, unaitia kuni, inangoja mzigo unaofuata. Lakini programu nyingi tunazoandika hufanya hivyo hasa. Zinaunganisha meli, zinabeba gunia moja la omena, zinaivunja.

Hiyo ndiyo maana ya kile wahandisi hukiita akiba ya miunganisho. Badala ya kufungua mpya kila mara, unafungua michache mapema, unaiweka gatini, kila kazi inaazima mmoja, inautumia, inaurudisha. Kusema ni rahisi. Shida iko kwenye hilo neno "michache". Ni mingapi?

Hapa tunatoka Kisumu kidogo twende Copenhagen. Kulikuwa na Mdenmarki anaitwa Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa kampuni ya simu ya huko. Mwaka 1909 alichapisha kazi yake ya kwanza kuhusu simu na hesabu za bahati, na mwaka 1917 akatoa fomula ambayo watu wa simu wanaitumia mpaka leo. Swali lake lilikuwa lilelile la mzee: watu wakipiga bila mpango, kila mmoja akiongea muda fulani, nahitaji laini ngapi ili wachache tu ndio wakute zimejaa?

Hesabu yenyewe nitaiweka kwa mfano wa kwetu. Chukua mji mmoja, tuseme Kisumu, wenye simu 100 za mbali kwa saa, kila moja dakika 3. Hiyo ni dakika 300 za maongezi ndani ya dakika 60, kwa hivyo kwa wastani laini 5 ziko kazini wakati wowote. Lakini ukiweka laini 5 tu utatukanwa, kwa sababu watu hawapigi kwa zamu. Ukitaka chini ya simu 1 kati ya 100 ikute laini zimejaa, fomula ya Erlang inasema weka 11. Sawa. Chukua mji wa pili, tuseme Kakamega, wenye wapigaji haohao: 11 nyingine. Jumla 22. Lakini miji yote miwili ikitumia laini za pamoja, unahitaji 18 pekee, na huduma ni ileile. Laini 4 zimeokolewa bila mtu yeyote kunyamazishwa. Mwenzako anaponyamaza, nafasi yake inakuwa yako.

Hiyo ndiyo raha ya kushiriki, na ndiyo sababu opereta alikuwa mtu muhimu. Enzi za shirika la posta na simu la Afrika Mashariki, na baada ya mwaka 1977 jumuiya ilipovunjika na Kenya ikabaki na shirika lake, KPTC, kupiga simu ya mbali kulimaanisha kumwomba mtu. Unamwambia unamtaka nani, unangoja, laini ikipatikana unaunganishwa. Mzee anasema mara kwa mara alikuwa anaingia katikati kukumbusha watu muda umekwisha, hasa wale waliokuwa wanaanza salamu kwa kuuliza hali ya kila ng'ombe. Nikamuuliza kama kulikuwa na upendeleo. Akanitazama kama mtoto. "Mwenye sauti kubwa alipata kwanza," akasema. Nitalirudia hilo.

Rudi sasa kwenye mfumo wangu wa tiketi na uweke hesabu ya Erlang. Programu yangu ilishika muunganisho sekunde 30, muda wa mtu kutafuta PIN. Watu 3 tu kwa sekunde wakiingia, 3 mara 30 ni miunganisho 90 iko kazini. Karibu nimejaa hata kama hakuna aliyekosea. Lakini kazi ya kweli ya databesi, kuandika "huyu amelipa", huchukua kama milisekunde 20. Nikishika muunganisho wakati wa kazi hiyo pekee, hata watu 50 kwa sekunde ni 50 mara 0.02, yaani muunganisho 1 kwa wastani. Kutoka 90 hadi 1. Seva ni ileile, na watu wameongezeka mara 16. Kilichobadilika ni kwamba nimeacha kushika laini nikiwa sina la kusema.

Niko na maoni makali hapa: wengi wetu tukiona "miunganisho imejaa" tunakimbilia kuongeza namba. Tunaweka 500. Na kwenye PostgreSQL kila muunganisho ni mchakato wake mzima ndani ya seva, unakula kumbukumbu, unagombania prosesa. Seva yenye prosesa 4 haiwezi kufanya kazi 500 kwa wakati mmoja hata ukiiombea. Inachofanya ni kuruka kutoka moja hadi nyingine kama kondakta wa matatu aliyebeba watu mara mbili ya viti: kila mtu yuko ndani, hakuna anayefika. Akiba ndogo yenye foleni nzuri mara nyingi huwa na kasi kuliko akiba kubwa. Watu wa Skype waliona hilo wakatengeneza PgBouncer, ambayo ilitoka mwaka 2007: kaopereta kadogo kanakaa mbele ya databesi, wateja mamia nje, miunganisho michache ndani. Ni kazi ya mzee, ila haivuti sigara.

Mwaka 2007 huohuo, mwezi wa Machi, M-Pesa ilianza. Nitaifikia.

Kwanza setilaiti, kwa sababu hapa ndipo Kisumu na Nairobi zilipoumia kuliko waliounda intaneti. Kituo cha Longonot, kule Bonde la Ufa, kilifunguliwa mwaka 1970, na kwa miongo kadhaa maongezi ya Kenya na ulimwengu yalipitia angani. Setilaiti ya aina hiyo iko karibu kilomita 36,000 juu. Mawimbi yapande, yashuke, jibu lipande, lishuke: karibu nusu sekunde imeisha kabla mashine yoyote haijafikiri, na kwa uhalisia ilikuwa kama milisekunde 600. Africa Online, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Wakenya watatu waliokuwa wamesoma Marekani, ilileta intaneti kwa watu wa kawaida juu ya njia hiyo.

Sasa angalia mtandao wa kurasa ulivyoundwa. Toleo la HTTP 1.0, lililoandikwa rasmi mwaka 1996, lilifungua muunganisho mpya kwa kila kitu. Picha moja, muunganisho mmoja, funga. Kila muunganisho wa TCP huanza kwa salamu, kama sisi: huwezi kuingia kwa watu ukaanza kuomba chumvi. Habari, nzuri, haya sema. Salamu hiyo ni safari moja nzima ya kwenda na kurudi, na ombi lenyewe ni safari nyingine. Kwa mtu wa Geneva mwenye seva jengo la pili, salamu ni kufumba na kufumbua. Kwa mtu aliyeketi saiba Kisumu, ukurasa wenye picha 20, zikiitwa moja baada ya nyingine, ni safari 40 za milisekunde 600. Sekunde 24 za kungoja, kabla hujahesabu muda wa kupakua picha zenyewe. Na saiba ilikuwa inalipisha kwa dakika! Nusu ya pesa hiyo ilikuwa ni ya salamu.

Ukishika muunganisho mmoja na kuutumia kwa picha zote 20, unasalimia mara moja tu: safari 21, sekunde 12.6. HTTP 1.1 ya Januari 1997 ilifanya hilo kuwa desturi, na ikashauri brauza isizidishe miunganisho 2 kwa seva moja. Brauza baadaye zilipuuza, zikaenda hadi 6.

Na kulikuwa na ujinga mwingine ambao hauhusu hisabati. Mwaka 2000, barua pepe kutoka kampuni moja ya intaneti Nairobi kwenda kampuni nyingine Nairobi ilikuwa inaruka ng'ambo na kurudi, kwa sababu hazikuwa zimeunganishwa hapa nyumbani. Kampuni hizo zikaungana zikaanzisha KIXP, mahali pa kubadilishana mawasiliano, mwishoni mwa mwaka huo. Telkom Kenya ikalalamika kwamba hiyo inavunja haki yake ya ukiritimba, na mdhibiti akaamuru ifungwe kabla mwaka haujaisha. Ilifunguliwa tena Februari 2002. Fikiria hiyo kama akiba ya miunganisho ya nchi nzima: badala ya kila mtu kukodi njia yake ya kwenda angani kuongea na jirani, mnaweka laini chache za pamoja. Na aliyepinga alikuwa nani? Aliyekuwa anauza njia za angani. Mwenye sauti kubwa.

Mwaka 2009 kebo za chini ya bahari zikafika Mombasa, TEAMS na SEACOM, na muda wa safari ukashuka sana. Lakini usidhani mambo yaliisha. M-Pesa yenyewe ilikuwa inaendeshwa kwenye seva zilizoko Ujerumani mpaka mwaka 2015 zilipohamishiwa Kenya. Miaka minane, mama wa Jubilee Market akimlipa muuza samaki aliye mita mbili kutoka kwake, pesa zilikuwa zinapita Ulaya. Halafu mwaka 2017 ikaja Daraja, ambayo inaruhusu programu zetu kuongea na M-Pesa moja kwa moja. Ukiitumia unajua: kwanza unaomba tokeni, na inakuja na maisha ya sekunde 3599. Saa moja kasoro sekunde. Na bado nimeona programu za wasee, na yangu ya kwanza ilikuwemo, zinazoomba tokeni mpya kwa kila malipo. Umepewa pasi ya saa nzima, unaitupa, unarudi dirishani kuomba nyingine. Tokeni si muunganisho, najua, lakini ugonjwa ni uleule.

Basi kwa nini hili halikutatuliwa zamani, ndani ya mfumo wenyewe? Jibu liko mwaka 1983. Mwaka huo toleo la 4.2 la Unix ya Berkeley lilitoka na soketi, yaani namna ambayo programu huomba muunganisho kutoka kwa mashine. Soketi ni nzuri, tunazitumia bado. Lakini soketi inakupa muunganisho mmoja, kwa anwani uliyotaja wewe, kwa itifaki uliyochagua wewe. Haijui kwamba programu yako imefungua nyingine 40 kwenda mahali palepale. Kushiriki ni shauri lako. Kwa hivyo kila lugha, kila maktaba ya programu, ilijitengenezea akiba yake, na kila moja ilirudia makosa ya mwenzake.

Makosa yenyewe ni matatu au manne na yote yanafahamika ziwani. Kuna ya mtu anayeazima boti asirudishe. Hiyo ilikuwa yangu. Kuna boti iliyofungwa gatini muda mrefu mpaka imetoboka, na hakuna aliyeiangalia. Mitandao ya simu hukata kimyakimya muunganisho ulionyamaza, haikuambii, na akiba yako inampa mteja maiti akidhani ni boti. Dawa ni kuupima kabla ya kuutoa, au kuustaafisha ukiwa bado mzima.

Kuna pia ile ya kupakia kila kitu kwenye chombo kimoja. HTTP 2 ya mwaka 2015 ilifanya hivyo: muunganisho mmoja, maombi mengi ndani yake, kama meli ya Uhuru inavyobeba mabehewa ya reli kutoka Kisumu hadi Port Bell. Safi sana, mpaka siku meli inanaswa kwenye magugu maji, na mabehewa yote yananaswa hata lile ambalo halikuwa na haraka wala kosa. Pakiti moja ikipotea, TCP inasimamisha kila kitu nyuma yake. QUIC, iliyosanifiwa rasmi mwaka 2021, ndiyo iliyotenganisha mabehewa.

Na la nne, ambalo ndilo linanitisha: kumpa mtu boti ikiwa bado na mzigo wa mwenzake. Muunganisho ulioingia kwa jina la mteja mmoja, ukirudishwa bila kusafishwa, mteja wa pili anaweza kuona mambo ya wa kwanza. Hapo hatuongei kasi tena. Tunaongea salio la mtu.

Januari 2025 shirika la IETF lilichapisha kitu kinaitwa RFC 9622, muundo mpya wa namna programu inavyoomba mawasiliano. Badala ya kusema "nifungulie soketi hii", programu inasema inataka nini: data ifike yote, kwa mpangilio, au kasi kwanza. Mfumo ndio unachagua njia. Miunganisho inaweza kuwa kikundi na kushiriki chombo kimoja, na kuna mahali pa kusema wazi kwamba huu usichanganywe na mingine kwa sababu ya faragha. Nimesoma karibu yote. Ni ndefu na kavu kama obambla, lakini wazo nalipenda: opereta anarudi kazini, na safari hii ana kanuni zilizoandikwa.

Bado nina swali ambalo halijibiwi na karatasi hiyo, na ni lile la sauti kubwa. Akiba ikijaa, nani anangoja? Kwenye mfumo wangu wa mwanzo, mtu mwenye simu nzuri na bando la kutosha alibonyeza "Lipa" mara kumi, akapata nafasi kumi kwenye foleni. Mwenye kabambe alibonyeza mara moja, akangoja kwa adabu, akakatwa. Hakuna mahali nilipoandika "wapendelee wenye simu kali". Iliingia yenyewe, kwa sababu sikuandika kinyume.

Kwa hivyo nilibadilisha mambo matatu. Akiba ni miunganisho 10. Hakuna kazi inayoshika muunganisho ikimngoja binadamu. Na kila namba ya simu ina nafasi moja tu kwenye foleni, ubonyeze mara moja au mara hamsini.

Shoo iliyofuata nilikaa mlangoni na laptop mapajani. Kipindi cha watu wengi zaidi, miunganisho iliyokuwa kazini kwa pamoja ilifika 4. Jamaa mmoja mwenye simu ya bei alikuja kunigombeza ati amebonyeza na kubonyeza na haimpeleki mbele. Nikamwambia angoje zamu. Mzee alikuwa amekuja pia, kaketi kwenye kiti cha plastiki na soda, akaniuliza zilikuwa ngapi. Nikamwambia kumi, nne ndizo zinatumika. Akasema sita zilizobaki nisimwambie mtu.